Foleni Mbele ya Duka Lililofungwa

Dada Mwanaisha,

Salamu tele kwako wewe na watoto. Mwalimu wetu chuoni ametutuma mjini kuangalia wanunuzi wanavyotoka duka hili kwenda lile. Leo nimewafuata nisielewe kitu: waliyapita maduka yaliyo wazi, wakapanga foleni mbele ya lililofungwa.

"Kinauzwa nini?" nikamuuliza mama mmoja.

"Bado kujua. Lakini watu nasimama, kitu iko."

Mara askari akanishika bega. "Wewe nafuata watu ya nini?"

Mama akanivuta mkono. "Huyu shemeji yangu, afande. Iko mugeni."

Askari akaniachia. Duka likafunguliwa, tukapata sabuni, mama akaenda zake kabla sijamuuliza jina. Sijui kwa nini alijihatarisha kwa ajili yangu.

Kadi hii anakuletea dereva wa lori. Umwombee mama huyo, nami pia.

Mdogo wako,
Hamisi