Ubavu Usioonekana na Kamera

8 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yameacha ukorofi. Sisi wazima. Wiki hii tunapiga picha za tamthilia kwenye ngome ya zamani, na kutwa kazi yangu ni kuficha nyaya za umeme ili ionekane ni enzi za mababu.

Nimekuombea kazi: ujenge meli ya kale. Ubavu mmoja tu, ule utakaoonekana na kamera. Upande wa pili tutauegemeza kwa mabomba. Tukimaliza itawekwa kwenye makumbusho, na jina lako kwenye kibao.

Binti yako

20 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananitumikisha. Meli ya ubavu mmoja ni ukuta, na mimi si mwashi. Nitajenga mbavu zote mbili. Mbao nitaongeza zangu, zile nilizozitunza tangu mama yako yuko hai. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Nimefurahi sana kwamba itabaki.

Baba yako

14 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole. Nasikia tangu uikabidhi meli hujainuka kitandani, nami nimekaa kimya kwa aibu. Makumbusho hayapo. Hadithi inaishia meli ikiungua, na nililijua hilo kabla sijakuandikia. Niliogopa utakataa, nikose cheo nilichoahidiwa.

Jana na leo wameichoma, moto haushiki. Mbao umezibana mno, hewa haipiti. Moto unaramba rangi kisha unazima. Mwongozaji ananifokea mbele ya watu. Nisamehe, baba. Tuwashe wapi?

Binti yako

19 Juni

Marahaba.

Ng'oeni mbao tatu za chini kule nyuma, na tatu za juu kule mbele. Hewa ikipita, moto utapanda wenyewe. Watu wasisimame upande wa kulia, mlingoti utaangukia huko.

Ungesema ni ya kuchomwa, ningekujengea ya kuchomwa. Wiki mbili tu, mbao za masanduku, na tungecheka sote wawili. Sasa mkono haushiki hata kijiko; barua hii anaiandika jirani. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, basi lawama nyingine naibeba mwenyewe. Lakini umeniumiza, na sitaki uje kunijulia hali.

Fundi