Siku Tausi Alipopanda Treni

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa kwetu Viwanja Sitini tu wazima. Babu yako ameanza kuvuna mpunga.

Umeniuliza kwa nini sikosi filamu hata moja ya yule mwimbaji na mwigizaji Tausi. Ni rafiki yangu, mama. Tulikua pamoja Mlimba, tukiimba kwaya moja. Mwenye bendi mmoja wa Dar es Salaam alitusikia, akatutaka sote wawili. Asubuhi ya safari mama yangu alikuwa hoi kitandani, nikaenda stesheni mikono mitupu.

“Mzigo wako uko wapi?” Tausi akauliza.

“Tangulia, nitakuja.”

Sikwenda. Nyimbo zake nilizisikia redioni, video zake nikazitazama kwa jirani, mama yako mgongoni.

Wivu ulinishika, sikufichi, kisha ukaisha. Hamu ya kumwona haijaisha. Juzi, kwenye filamu yake mpya, alikuwa anakula samaki aina ya perege. Akakitenga kichwa pembeni ya sahani, kama alivyozoea kuniachia tulipokuwa wasichana.

Nikamwambia babu yako, “Umeona? Bado ananiwekea.”

Bibi yako akupendaye,
Felista