Mama Alivyouona Mlima

Dada Nyamisi, shikamoo. Watu wote wa Nyasura nisalimie.

Jana nilimpandisha Mama treni akaone milima, maana ndiyo kiu iliyomtoa Bunda. Njia nzima ukungu mtupu! Akachungulia dirishani mpaka akachoka, akalala. Ghafla mlima ukajitokeza, behewa zima likapiga kelele. Nikamtikisa: “Mama, amka, mlima ule!” Anafumbua macho, treni imeshaingia kwenye handaki, giza totoro.

“Mbona mweusi hivi?” akauliza.

Nilitaka kulia. Yeye leo anawatambia wageni wenzetu hotelini: “Nyinyi mnauonaga kwa nje tu. Mimi nimeingia ndani!”

Akikusimulia, dada yangu, usicheke kabla hajamaliza. Tumewakumbuka sana wewe na watoto.

Mdogo wako,
Magesa