Spika ya Katikati

Jumatatu, 11 Agosti 2014
Duka nimefungua saa mbili. Barua tatu za shule nimechapa, mashine ya fotokopi ikakwama kama kawaida yake. Jioni nimemkuta Baba anakunja nguo. Jumatatu ijayo anarudi kijijini Mahango, anasema. Kukaa peke yake mlimani na umri ule! Sababu haitaji, lakini naijua. Mashine za mgodini alikofanya kazi zilimmaliza masikio. La kushoto limekufa, la kulia linabahatisha. Hapa Bwera tunaongea na yeye haambulii kitu. Hata filamu ya Jumapili siku hizi haji kukaa nasi. Anaogopa kuonekana mjinga. Nimeumia.

Jumanne, 12 Agosti
Nimesoma kijitabu cha zile spika tano ambazo mume wangu Otieno alileta kutoka Kasese. Mwaka mzima tumezitumia ovyo. Waya tuliochomeka kwenye kompyuta unapeleka sauti mbili tu, muziki na maneno vyote uji mmoja. Kumbe nyuma ya kompyuta kuna tundu jingine, la mraba, lina taa nyekundu ndani. Sauti inatoka pale kwa mwanga, na kila spika inapata fungu lake. Spika ya katikati ndiyo inayopewa maongezi ya watu! Sasa nikiiweka hiyo kando ya sikio la kulia la Baba? Waya wa tundu hilo umo kwenye boksi, haujaguswa. Asante Mungu. Asante Otieno kwa kutotupa maboksi.

Jumatano, 13 Agosti
Balaa. Waya ni mfupi, meza ya kompyuta iko mbali na kiti cha Baba. Nikamwita fundi Bwambale, ambaye amerefusha nyaya za redio nusu ya Bwera. Akatoa kisu, akaukata katikati, akatafuta shaba ya kuungia. Hamna shaba. Uzi wa plastiki tu, kama wa kuvulia samaki. Akaufunga kwa selotepu. Taa haikufika upande wa pili. Nilimfokea vibaya sana. Baba hakusikia maneno ila aliuona uso wangu, akadhani ni yeye anayesumbua. Akatoka nje. Nimejichukia.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimefunga duka, nimekwenda Kasese. Maduka sita. Wananionyesha waya wa televisheni, wa chaja, mpaka wa pasi. Mmoja akanicheka: waya wa mwanga? Nunua tochi, madam! Nimerudi mikono mitupu. Begi la Baba limeshafungwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Sijui nianzie wapi. Tukiwa kwenye chai, fundi Bwambale alibisha hodi, nyuma yake Mama Furaha, yule Mkongomani anayeuza vitenge sokoni. Kumbe tangu Jumatano Bwambale anazunguka kuuliza, na kila anayemuuliza anamwambia wazi kwamba waya aliukata yeye mwenyewe. Mtu mzima, fundi mwenye jina lake! Mama Furaha alikuwa na waya kama ule kwake, ng'ambo ya mpaka. Akanishikisha mkononi.

"Kamata tu, dada. Kwa mimi iko inalala bure."

Nilimshukuru mpaka akaona haya. Bwambale nikamwomba radhi. Naye akaniomba. Tukacheka.

Safari hii hakuna kukata. Waya wa mwanga tumeuacha kama ulivyo. Kilichorefushwa ni waya wa spika ya katikati, ule una shaba, kazi yake hiyo. Tukachomeka. Kimya. Taa inawaka, kimya. Baadaye nikagundua kompyuta bado inapeleka sauti kwenye tundu la zamani. Nikabadilisha kwenye mipangilio, kisha nikaiamuru programu ya filamu iitoe sauti ya diski kama ilivyo, isiichanganye. Spika ikakohoa, halafu mtu akaongea, safi kabisa, peke yake. Bwambale alipiga kelele kama kashinda uchaguzi. Baba alikuwa shambani. Sikumwambia.

Jumapili, 17 Agosti
Baada ya kanisa nimemshika Baba mkono, nimemkalisha. Filamu ya kauboi, zile alizozipenda enzi za klabu ya mgodi. Otieno, Bwambale na mimi. Robo saa nzima uso wake ulikuwa mkavu. Nikakata tamaa kimoyomoyo.

Halafu kauboi mmoja mlevi akatamka upuuzi fulani na Baba akacheka.

Miaka yote hii Baba anacheka baada yetu, akishatuangalia nyuso kwanza. Leo alicheka wa kwanza. Sisi ndio tuliochelewa. Otieno aliondoka akasema anakwenda kuangalia geti. Macho yake nimeyaona. Kwa Mama Furaha nitapeleka ndizi, kwa Bwambale sijui nipeleke nini. Asante. Asante tena.

Jumatatu, 18 Agosti
Baba hajaenda. Kahawa ya Mahango ataiangalia jirani, anasema, yeye atapanda mara mojamoja kuiona.

Mchana nimerudi kula, nimemkuta anaangalia filamu ileile. Nikachukua sahani yangu nikakaa karibu naye. Baada ya muda akanigeukia, amekunja uso kidogo.

"Masika, punguza sauti. Majirani watasema nini?"

Nimepunguza. Tukaendelea kuangalia.