Alhamisi za Nyangumi

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu, Fundi, kaondoka alfajiri. Kaenda kufunga lifti za hospitali mpya, mji wa mbali — atakuja akipata nafasi, na nafasi zenyewe nazijua. Kaniachia funguo, mtungi wa gesi uliojaa, na mtoto wake.

Mtoto wake. Nikiandika hivyo nasikia vibaya, lakini mwenyewe ndivyo anavyotaka iwe. Kutwa kasimama mlangoni anaugonga kwa kiganja: "Baba! Baba!" Tunamwita Kisigino kwa sababu baba yake akiwa nyumbani, yeye yuko nyuma ya visigino vyake. Leo hana kisigino cha kufuata. Changu hakitaki.

Namwonea huruma, jamani. Hajatimiza miaka miwili. Mama yake alifariki yeye hata kukaa hajaweza. Bibi yake mzaa mama akamchukua, akamlea. Sisi tulipooana, Fundi akaenda kumrudisha — na mimi nikawa mtu wa kumfuta kamasi mtoto asiyetaka kufutwa. Bibi hakupenda. Alimkabidhi Fundi, si mimi. Akasema mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati: mwisho wa mwezi nakuja kumwona, nikimkuta amenyong'onyea, naondoka naye.

Nyumba ya fundi wa lifti iko ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Watu wakicheka siwalaumu. Leo nimeshuka ngazi na Kisigino anapiga kelele mpaka yule mama mwenye duka la dawa pale chini akatoka. Nikajua anakuja kulalamika. Kumbe! Anasema Alhamisi asubuhi makumbusho wana saa ya watoto wadogo, bure kabisa, nimpeleke. Nikamuuliza mtoto huyu atatazama nini makumbusho. Akanijibu: "Hata asipotazama kitu, dada, wewe utatazama watu."

Alhamisi, 6 Machi

Tumeenda!

Nilitarajia vumbi na wazee wenye miwani. Nikakuta vigari vya kusukumia watoto vimepangwa mlangoni kama pikipiki za abiria, na askari anatuelekeza kwa sauti ya chini: viatu hapa, mama, halafu moja kwa moja hadi kwa nyangumi.

Kwa nyangumi! Mifupa mitupu, imening'inia darini, ndefu kuliko korido yetu. Chini yake wametandika zulia, na juu ya zulia — watoto. Wa kutambaa, wa kuyumba, wa kulala chali tu wakirusha miguu. Makapu ya vitambaa, vibuyu vya kutikisa, vyungu vidogo visivyovunjika. Anayewaongoza ni dada mmoja wa makumbusho mwenye kofia ya sufu ya rangi ya ndimu. Nimempachika jina Dada Kofia. Kila mtoto kampa mkono kama mgeni rasmi.

Tulipokaa duara akauliza kila mmoja amekuja na nani. "Mimi mama yake." "Mimi shangazi yake." Baba mmoja mwenye pacha, mmoja kifuani mmoja mgongoni, akasema "mimi punda wao" — tukacheka. Ikafika kwangu. Nikasema, "Huyu… nimekuja naye." Dada Kofia hakuchimba. Karibuni sana, akasema, na duara likaendelea. Mungu ambariki kwa kutochimba.

Kisigino alinipa mgongo saa nzima. Lakini hakulia! Alilala chali chini ya nyangumi akatazama mbavu zile kimya. Kisha akala ndizi yote. Yote! Wiki hii hajawahi kumaliza kitu kilichotoka mkononi mwangu. Baba Pacha akaniambia wake walikuja mara ya kwanza wakatapika juu ya zulia, hivyo mimi niko mbali sana mbele. Nimetembea kurudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani kama punguani.

Jumamosi, 8 Machi

Nywele.

Mimi ni msusi. Watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kukaa kati ya magoti yangu. Na mtoto wa nyumbani kwangu kichwa kimefungana kama sufi ya godoro! Nikigusa tu — mayowe. Alikuwa akisukwa na bibi yake tu. Leo mteja kamtazama, kanitazama, kanyamaza. Afadhali angesema.

Fundi kapiga simu. Kisigino kaibusu simu hadi ikakatika. Alipopiga tena nikamweleza habari ya nywele. Akasema mnyoe tu. Wanaume! Bibi akute kipara mwisho wa mwezi, si ndiyo nimejifungulia mashtaka mwenyewe?

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nilikuwa karibu kughairi. Kisigino mwenyewe kaenda kuchukua viatu vyake, kasema "Gumi." Ikanichukua muda. Nyangumi! Basi hata ingenyesha mawe tungekwenda.

Leo walileta ngoma. Katikati ya ngoma umeme ukakatika. Ukumbi ule hauna madirisha — giza la kuziba macho. Watoto wote wakaangua kilio kwa pamoja, nami nikaanza kupapasa zulia nikimwita, napapasa vichwa vya watu. Nikapata unyayo, mwenyewe akasema "huo ni wangu, dada," Baba Pacha.

Halafu kitu kikakamata sketi yangu. Kikapanda. Kikajikunja pajani mwangu na kuning'ang'ania shingo kwa nguvu zote. Nikajua ni mtoto wa mtu kakosea. Nikamkumbatia hivyohivyo, maana mtoto wa mtu naye anaogopa. Dada Kofia alikuwa anaimba gizani taratibu, ili sauti yake iwe mahali pa kushika, na mmoja mmoja wakaanza kunyamaza.

Taa zikawaka. Ni yeye! Kisigino, jicho kwa jicho na mimi, machozi yamejaa. Akashtuka kama aliyekamatwa anadokoa sukari. Akateremka haraka, akanipa mgongo.

Lakini hakwenda mbali. Mgongo wenyewe uliniegemea goti. Nilikaa bila kuusogeza mguu hadi ukafa ganzi, na sijawahi kufurahia ganzi maishani kama ile.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya leo niiandike vizuri.

Dada Kofia katuletea kapu la machanuo ya mbao. Si yale ya kale yenyewe, hayo yamo kwenye kioo ukutani. Haya wamechonga yanayofanana nayo, ya kushikwa na kutiwa mate. Yenye meno marefu, yenye meno mafupi, moja lina umbo la ndege. Mimi nikaenda kioo hadi kioo kama mtoto! Kazi yangu hii. Miaka yote nasuka na sikujua kuna mtu aliona chanuo ni kitu cha kuwekewa taa.

Nikarudi nikakaa. Kisigino kachagua lile la ndege. Kazunguka nyuma yangu. Nikasikia kitambaa changu kinavutwa — kikatoka! Mbele ya watu! Na mimi msusi, kichwani mabutu ya juzi juzi. Kisha chanuo. Dwii! Likazama kwenye fuvu. Anachana. Anavuta, anasema "pole," anavuta tena. "Pole, pole, pole." Neno hilo ni mimi ninayemwambia kila asubuhi nikijaribu na kushindwa. Kumbe alikuwa analisikia.

Nilitokwa na machozi. Mama mmoja pembeni akaniuliza kama anaumiza. Nikasema ndiyo, anaumiza sana, na asiache.

Nyumbani nikachukua mafuta na chanuo langu, nikakaa sakafuni, nikasema zamu yangu. Akafikiri. Akaja. Akakaa kati ya magoti yangu, mzito na wa moto kama mkate. Nilifumua vifundo kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Nimesuka mistari mizuri upande wote wa kushoto — kisha akasimama: "Apana." Imetosha. Basi yuko hivyo, nusu binti wa watu nusu kichaka. Kajitazama kwenye kioo, kacheka.

Ahsante Mungu. Ahsante na Dada Kofia. Ahsante na aliyefikiria kwamba watoto wasiojua kusema nao wafunguliwe mlango.

Jumapili, 23 Machi

Bibi kapiga simu. Anakuja Jumatano. Kaongea na Fundi, si nami. Fundi kanipigia baadaye: anasema mama mkwe anataka kumchukua Kisigino "kwa muda." Muda gani? Hajui. Wewe umesemaje? Anasema, "Mtaelewana nyie wenyewe."

Nilimwambia lifti ikikwama katikati ya ghorofa, huwaambii waliomo ndani wataelewana wenyewe. Akasema hilo kweli, atazungumza naye. Sijui atazungumza lini. Nimesugua nyumba nzima, hadi nyuma ya jiko.

Jumatano, 26 Machi

Kafika. Mwembamba, kasimama wima, begi moja. Kisigino kamrukia, kamng'ang'ania, mimi nikatoweka. Ni haki yake. Nilikwenda jikoni nikakoroga chai iliyokwisha korogwa.

Alimkagua kama mtu anunuaye kitambaa. Shingo, makwapa, mapaja. "Amenenepa," akasema, kwa sauti ya aliyetarajia vingine. Kisha kichwa.

"Nani kamsuka upande mmoja?"

"Mimi, mama."

"Na wa pili?"

"Hajaniruhusu bado."

Akanitazama — nadhani ndiyo mara ya kwanza. Jioni jirani alibisha hodi, Bibi akanitambulisha: huyu ni mke wa mkwe wangu. Mke wa mkwe wangu! Neno refu hivyo ili mimi niwe mbali hivyo. Na bado simchukii. Akimbeba Kisigino humpitisha kidole kwenye nyusi, polepole, na naona kabisa anamtafuta mtu mwingine usoni pale.

Basi la keshokutwa asubuhi, kasema. Nguo za mtoto niziweke pamoja. Nikasema kesho ni Alhamisi. Akauliza Alhamisi kuna nini. Kisigino akajibu kabla yangu: "Gumi!"

Alhamisi, 27 Machi

Naandika mezani, wao wako chumbani. Niandike upesi.

Tulikwenda watatu. Njia nzima Bibi analalamika: kutazama mifupa na mtoto mwenye afya yake! Mlangoni viatu vya Bibi havitaki kutoka, askari kapiga goti kamsaidia, naye kamwambia "wewe umelelewa." Kupita vioo vya vyungu akasimama: "Hiki ninacho jikoni. Na changu hakina ufa." Baba Pacha alicheka hadi pacha wa mgongoni akaamka.

Chini ya nyangumi alisimama. Alitazama juu muda mrefu. Akaniuliza, bila kunitazama: "Na yeye alikuwa mama?" Nikasema sijui, mama. Tukamuuliza Dada Kofia. Ndiyo, jike. Bibi akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye zulia, magoti yakalia.

Kisigino alikwenda huko, akarudi huku. Bibi, mimi, Bibi, mimi. Kibuyu kampa Bibi. Kitambaa kanipa mimi. Bibi alikuwa anaona, najua alikuwa anaona. Mara mtoto akajikwaa kwenye kapu, akaanguka kifudifudi. Sote wawili tulinyoosha mikono. Kisigino akainua kichwa — akatambaa kuja kwangu. Sikushangilia. Wallahi sikushangilia, niliona mikono ya Bibi imebaki hewani, nikatamani kumgawa katikati.

Ndipo duara likafika kwetu. Nani kaja na nani? Nikafungua mdomo, Bibi akaniwahi.

"Amekuja na bibi yake," akasema. Akampitisha mtoto kidole kwenye nyusi. "Na mama yake mdogo."

Mama mdogo! Watu wote pale wamesikia neno la kawaida tu. Lakini mama mdogo ni mdogo wake mama. Na mdogo wa marehemu ni mtoto wa nani, kama si wa huyu huyu aliyesema? Nilitazama juu kwenye mbavu za nyangumi ili machozi yasitoke. Yalitoka.

Tuliporudi alinishika mkono kwenye ngazi, ghorofa zote, na pale juu hakuuachia mara moja.

Lakini begi liko mlangoni. Basi lao ni kesho asubuhi, hajasema vinginevyo. Fundi kapiga simu mchana, wamezungumza mlango umefungwa, nimesikia tu "ndiyo… ndiyo… nimesikia, mwanangu." Nimekunja nguo zote za Kisigino kama nilivyoagizwa. Imebaki sweta ya njano, ilikuwa kwenye kamba juu ya jiko. Nimeigusa saa hizi: kavu, na ina joto la jiko bado.

Bibi katoka chumbani sasa hivi. Kauliza kama imebaki nguo. Nikasema sweta, mama, ile pale. Sikuweza kusema imekauka. Wala kwamba haijakauka.

Kaenda mwenyewe. Kaishika mikono, kaikamua kidogo, kaiweka shavuni. Kakaa nayo hivyo shavuni.

"Bado mbichi," kasema. "Siwezi kusafiri na nguo mbichi."

Kairudisha kwenye kamba. Kaitandaza vizuri, mkono huu, mkono huu. Sasa anavuta kiti, anakaa kunitazama, anauliza naandika nini siku zote, na Kisigino ametoka na kiatu kimoja mguuni, ananivuta kalamu na —