Maneno Sitini na Moja ya Kinyamwezi

Jumapili, 1 Septemba 1957

Skuli imefungwa kwa ajili ya karafuu. Wiki tatu! Mwalimu Bi Khairiya ametupa insha ya likizo: "Safari Yangu Katika Nchi ya Kigeni." Darasa zima tulicheka. Mimi hata Wete, hapa hapa Pemba, sijafika.

Siku ya kufunga, baada ya kengele, nilibaki nyuma. Nikauliza: na asiyekuwa na safari aandike nini? Mwalimu akanitazama juu ya miwani. Akasema, Ghania, dunia nzima imekuja kuchuma karafuu kwenu, nawe unataka safari?

Sikuwahi kulifikiri hilo. Kamwe!

Jumanne, 3 Septemba

Nimepata daftari jipya. Ukurasa mmoja kwa kila nchi.

Uhindi: mke wa Banyani wa duka la Mtambile. Kanionesha taa yake ndogo mbele ya picha yenye maua. Nyama hawali, hata samaki. Hadhramaut: Mshihiri anayepita na deli la kahawa. Umakonde: wachumaji wawili wenye chale usoni. Hapo pana nusu ukurasa tu — wakinitazama nakimbia.

Unyamwezi: Masika.

Masika ni mchumaji wetu. Katoka bara, mbali sana, upande wa Tabora. Alikuja mwaka juzi wakati wa mvua za masika, ndiyo maana tukamwita hivyo. Ile mikarafuu mirefu ambayo wenzake wanaiogopa, yeye ndiye anayeipanda. Alasiri huleta pakacha lake uani, ambapo sisi wanawake tunachambua karafuu kutoka vijiti vyake, makonyo, akasubiri zipimwe. Hapo ndipo ninapomuuliza. Bibi yupo, kwa hiyo si aibu. Lakini usoni simtazami. Natazama daftari.

Nasema: "Maji?"

Anasema: "Minzi."

Naandika.

Leo Mwanamize, ambaye huchambua na sisi kila mwaka, akapiga kelele uani kote: "Bi Zuweina, mjukuu wako huyu mtamuoza Tabora, akakamue ng'ombe!" Bibi akajibu bila kuinua macho: "Na wende. Karafuu zenyewe hajui kuchambua, makonyo yote kayaacha." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze. Masika naye alicheka, lakini polepole.

Jumamosi, 7 Septemba

Maneno arubaini na nane! Asubuhi husalimiana "mwangaluka." Ahsante ni "wabeja." Nyumbani ni "kaya." Mama ni "mayu."

Masika aliniuliza, mwana wa bwana, maneno haya yote utayafanyia nini? Nikasema, insha. Akasema, basi andika vizuri, na mimi nifike skuli.

Halafu akaanza habari ya mama yake, na mto ulio karibu na kwao, na jambo fulani alilomuahidi mama yake siku anaondoka. Habari ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa nataka hesabu, moja mpaka kumi, tumefika tano tu, na jua linakuchwa. Nikasubiri avute pumzi. Nikauliza: "Na sita?"

Akanipa sita.

Jumatatu, 9 Septemba

Insha imekwisha! Kurasa sita, wino mweusi, hakuna hata doa moja. "Safari Yangu Unyamwezi." Nimeeleza ngoma zao, mavuno yao, namna wanavyoamkiana. Mwisho nimepanga maneno yote sitini na moja kwa alfabeti. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo. Kweli nilijiona nimefika.

Bi Khairiya atafurahi. Labda itasomwa siku ya zawadi — Mungu apishe mbali! Lakini labda.

Alhamisi, 12 Septemba

Masika kaanguka.

Alhamisi, alasiri

Najaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi. Tawi lilikatika. Tulisikia mlio, kisha tukamsikia Mzee Kificho, msimamizi wetu, akipiga ukelele. Walimleta juu ya kitanda cha kamba, wamemlaza barazani. Miguu haitikisiki. Damu hakuna. Nilidhani hiyo ni heri. Dresa wa kituo cha dawa alikuja na baiskeli, akamgusa mgongo, akatikisa kichwa. Asisogezwe. Gari ya hospitali itatoka mjini Chake kesho asubuhi.

Kiswahili kimemtoka. Sijui niseme vipi. Jana tu alikuwa anataniana na Mwanamize. Leo ukimsemesha anakutazama kama mtu aliye ng'ambo ya pili, akijibu anajibu Kinyamwezi kitupu.

Dresa alitoa karatasi yake. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia yote.

"Jina?"

Baba akasema, Masika.

"Masika nani? Mwana wa nani?"

Baba akamtazama Mzee Kificho. Mzee Kificho akajikuna shingo. "Yakhe, siye twamwita Masika tu."

"Kwao wapi?"

"Bara."

"Bara kubwa, mzee wangu. Akifa nimwandikie nani? Bara?"

Shehe Bakar wa msikiti wetu naye alikuwa amefika. Akauliza, huyu anasali? Mmoja akasema alimuona amekaa kwenye ngazi za msikiti. Mwingine akasema kukaa si kusali. Shehe akasema ni lazima ijulikane, ili tujue tutamfanyia — hakumalizia, maana Masika alikuwa amefumbua macho.

Wakaitwa Wamakonde wetu wawili. Mmoja akasema, Kinyamwezi mimi nikijulie wapi? Na nyinyi mnajua Kihindi?

Hapo ndipo Mwanamize aliposema: "Si Ghania yupo! Ghania kasomea!"

Baba akaniita. Mbele ya wanaume wote. "Lete daftari lako, mwanangu." Hajapata kulitaja daftari langu hata siku moja.

Nikaleta. Nikafungua. Chumvi. Jembe. Jua. Kuku. Maziwa. Moja mpaka kumi. Nikapekua mbele na nyuma, kana kwamba yapo mahali nimeyasahau. Jina lake halimo. Wala neno "jina" lenyewe. Wala "kijiji," wala "ndugu," wala "unaumwa wapi." Siku zote zile nimemuuliza kuku, sikumuuliza yeye ni nani!

Dresa alikuwa anangoja, kalamu mkononi.

Nikasema, sijui.

Akaandika "Masika," akachora mstari mrefu penye mengine yote.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika hapa hapa barazani, kando ya kitanda. Bibi kaniambia nikae. Hakuna aliyesema ni aibu.

Masika anasema tangu alfajiri. Si kelele. Anasimulia, kama mtu anayemaliza habari aliyokatizwa. Ananyamaza, anavuta pumzi, anaendelea. Mzee Kificho alimtuma mwanawe mpaka Chokocho, alisikia wako Wanyamwezi kule. Amerudi peke yake. Wamehamia mashamba ya Wete tangu Jumatatu.

Naandika sauti tu. Nimejaza kurasa mbili. Sijui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Labda akija anayejua atasoma. Labda nimeandika upuuzi. Mawili tu nimeyafahamu. "Minzi" — nikamnywesha kwa kijiko. Na "mayu." Hilo nilipowaambia, Bibi alijifunika uso na mtandio.

Kuna kitu kimoja anakirudia. Kila baada ya muda. Kinaweza kuwa mtu. Kinaweza kuwa ule mto.

Baba akauliza, anasemaje?

"Sijui, Baba."

"Si umesoma naye?" Hakuniuliza kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nimeitoa insha, nimeisoma tena. Kurasa sita, na yeye hayumo.

Saa nne kasoro. Wanasema gari imeonekana Mtambile. Nimeacha kuandika kidogo, nimemtazama usoni — mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Meno ya mbele yana mwanya. Nimemwambia "mwangaluka." Akanyamaza, akanitazama. Nikajigusa kifua, nikasema, "Ghania." Tena, "Ghania." Kisha nikauweka mkono wangu kifuani pake, nikangoja.

Kanielewa. Naapa kanielewa. Midomo inatikisika. Gari inapiga honi njiani, Baba anawaita watu waje wamnyanyue — jamani, ngojeni kidogo! Nimeinama, kalamu mkononi, sikio langu liko karibu na —