Kiti cha Upande wa Kushoto

Nabuyonga, Mbale
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa karatasi haitakuonyesha. Habari za Nalufenya? Goti lako linaendeleaje na mvua hizi, na yule jogoo wa jirani bado anakuwikia dirishani kabla hujamaliza usingizi? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi kimekwisha. Barua hii anakuletea Mama mdogo Kagoya, aliyekuja tena huku kuchukua vitunguu vyake vya kuuza huko kwenu Jinja. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu nakujua: wewe ni mtu wa ofisi, karatasi ikikufika mkononi huwezi kuiacha bila kuisoma.

Baba, naomba urudi Mbale kututazama tena. Nimelitanguliza ombi lenyewe usije ukasema nimekuzungusha. Onyesho la mwisho la mchezo wetu wa kuigiza ni Jumamosi ijayo, saa tisa mchana, na nataka uwepo. Mama mdogo amenieleza uliyomwambia: kwamba ulitoka Jinja na shati lako la kupigwa pasi, ukaketishwa mbele kabisa, halafu mtoto wako wa kumzaa akakugeuzia mgongo mbele za watu tangu mwanzo hadi mapumziko. Ukaondoka bila kuaga, na kofia yako ukaisahau kitini. Nilipotoka kukutafuta nikaambiwa mzee alishapanda gari. Niliumia sana, Baba, sitakuficha. Nilicheza sehemu iliyobaki, lakini sijui hata niliichezaje.

Ngoja nikueleze jukwaa letu, maana siku ile sikupata nafasi. Wewe umezoea jukwaa la ukumbi wa kambi yenu ya magereza, lile lililoko mwisho wa chumba, ambapo wachezaji wote wanatazama upande mmoja na pazia linafungwa mambo yakiharibika. Letu si hivyo. Tumepanga ghala la zamani la kahawa, na Wanyera, huyu anayetuongoza, akatujengea jukwaa la mbao linalotoka ukutani na kuingia katikati ya watu, kama meza iliyosukumwa ukutani kwa upande wake mmoja. Watu wanakaa pande tatu zilizobaki. Pazia hakuna. Ukimtazama huyu, aliye nyuma yako anauona mgongo wako, hata ufanye nini.

Mwanzoni lilitutoa jasho. Tulikuwa na kabati zuri la kuonyesha kwamba ile ni nyumba ya mtu, kumbe linawaziba wote wa kulia, tukalitoa. Tukabaki na stuli na kitanda kifupi. Maneno niliyoyasema nikielekea kulia hayakuwafikia wa kushoto, hasa mvua ikipiga mabati. Wanyera alizunguka viti vyote siku za mazoezi, anakaa hapa, anahamia pale, akinung'unika kwamba leo ameona visogo vitupu. Alitwambia tuache kuuogopa mgongo, kwa sababu mgongo nao unasema, na mtu anaweza kulia kwa mabega bila yeyote kumwona machozi. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekosa pesa za kujenga jukwaa la kawaida.

Halafu kuna adabu zetu. Mchezo unaanza na Nabifo, binti wa mtaa wa Namatala anayecheza mke wa askari, na askari mwenyewe ni mimi, akiingia na kupiga magoti kusalimu wageni. Siku ya kwanza alipiga magoti akiwaelekea waliokaa katikati, nao wakamwitikia kama vile wako sebuleni kwake. Basi Hajati Aminah, mama mmoja mwenye duka la vitambaa hapa mtaani, akauliza kutoka upande wa kushoto, tena kwa sauti, "Na sisi huku, sisi si watu?" Nabifo akasahau kwamba anaigiza. Akageuka, akawapigia magoti wa kushoto, akawaomba radhi, kisha akawapigia na wa kulia wasije nao wakanuna. Ghala zima lilicheka. Wanyera alitaka kukasirika, baadaye akaamua tuache hivyo hivyo, na sasa kila onyesho linaanza kwa salamu tatu.

Hizo ndizo raha za jukwaa hili. Watu wako karibu mno, na kwa kuwa wanatazamana wao kwa wao, mmoja akicheka, wa ng'ambo naye anashikwa. Siku moja niliangusha funguo za gereza, nikawa nazitafuta kama mchezo unavyotaka, mama wa mstari wa mbele akainama, akaniokotea. Akasema, "Afande, funguo zako hizi hapa." Ilikuwa nitafute kwa muda mrefu, huku nikisema maneno mengi. Nikampigia saluti, nikayaruka yale maneno yote. Naipenda kazi hii, Baba. Sijawahi kukwambia waziwazi kwa kuwa ulitaka niwe nesi.

Najua pia ulikunja uso kuniona mwanamke nimevaa kaki na kofia ya askari magereza. Hakukuwa na mwingine. Vijana wetu wakipiga gwaride utadhani wanafukuza kuku. Mimi nimekulia kwenye kota za askari, nilijua "nyuma geuka" kabla sijajua kusoma, na nilipovaa ile kaki nikasimama, Wanyera hakutafuta tena mtu. Niliposimama vile, nilikuwa nimesimama kama wewe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo limenifanya nichane karatasi kadhaa kabla ya hii. Kiti kile cha upande wa kushoto hukukipata kwa bahati mbaya. Mimi ndiye niliyekuchagulia. Wanyera aliniambia nikuweke katikati, mahali pa wageni wa heshima, nikakataa. Nilitaka uone kitu ambacho wa katikati hawakioni vizuri na wa kulia hawakioni kabisa. Kiko baada ya mapumziko, nawe ulikuwa umekwisha ondoka.

Unakumbuka tulipompeleka Mama kumzika nyumbani Lira. Ulisimama mbele ya watu ukiwa na sare yako, ukawashukuru waliokuja, ukataja magari yatakayowarudisha, sauti yako kavu kama siku zote. Ndugu zake Mama walikutazama, wakanong'onezana kwamba huyu bwana hana moyo, amemzika dada yao kama mtu anayekabidhi zamu. Niliwasikia. Nilikuwa mdogo, na hakuna aliyenishika mkono siku ile, basi nikasimama nyuma yako. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nyuma yako. Nikaiona mikono yako, Baba. Uliikunja mgongoni kama askari aliyesimama raha, na ndani ya mikono ile kilikuwamo kitambaa cha kichwa cha Mama, kile cha manjano. Ulikuwa unakisokota, unakisokota, mpaka uzi ukachomoka ukaanguka chini. Usoni hukubadilika. Niliuokota ule uzi nikauweka mfukoni, na sikukwambia hata siku moja, kwa sababu nilielewa kwamba hukutaka mtu aone.

Basi katika mchezo wetu askari anafiwa na mkewe. Anasimama mbele ya wakwe, nao wako kulia, anawaambia kwa sauti kavu habari za mazishi. Wa kulia wanaona uso wa mtu asiye na moyo, na wengine humgunia. Wa kushoto wanaona mikono. Kila mara, Baba, upande wa kushoto unanyamaza kwanza, kisha wa kulia wanawatazama wenzao usoni na kujiuliza wenzao wameona nini. Kwenye jukwaa la kambi nisingeweza kulifanya hilo. Nilitaka ukae pale ujue kwamba mtoto wako aliona. Kukwambia uso kwa uso sikuwa na ujasiri.

Mama mdogo Kagoya alikuwa amekaa kando ya kiti chako. Alidhani umetoka kupunga upepo, akabaki mpaka mwisho. Akanifuata chumba cha nguo, akaniuliza mikono ile nimeitoa wapi. Nikamwambia. Alikaa juu ya sanduku, akalia sana, akasema miaka yote hii anakula kwako, anakufulia, na bado moyoni alikuwa hajakusamehe kwa siku ile ya mazishi ya dada yake. Nilimwomba asikwambie lolote mpaka nikuandikie mimi. Akikukabidhi barua hii usimwulize maswali, mpe kiti tu na chai.

Kofia yako sikukutumia. Kila onyesho naiweka pale ulipoiacha. Jana mzee mmoja alitaka kuisogeza ili akae, Hajati Aminah akamzuia, akamwambia, "Hapo pana mtu." Hajui ni kiti cha nani. Anaona tu kwamba tunakitunza.

Njoo Jumamosi, Baba. Nitakupa mgongo tena, hilo siwezi kulibadilisha. Safari hii tazama mikono.

Nisalimie majirani wote wa Nalufenya, na usisahau kulikanda goti kwa maji ya moto kabla ya kulala. Nabifo anakusalimu, naye amepiga magoti upande wako kwanza. Mungu akulinde njiani.

Mwanao akupendaye,
Night